Wageni Walitukuta Tumeshiba

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naanza kwa kuomba radhi, maana najua meli zimekuja na kurudi bila barua yangu mpaka umechoka kuuliza. Barua uliyomwandikisha wifi Projesta ilinifikia zamani. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mkeka, na kila nikitandika naiona. Sikunyamaza kwa kiburi, Mama. Kulikuwa na jambo nilikuwa nangoja liishe vizuri ili nikuandikie nikiwa nacheka. Sasa limekwisha, na halikuisha vizuri, kwa hiyo nakuandikia hivyo hivyo.

Wifi, wewe unayemsomea Mama, nakusalimu pia. Tafadhali usiruke mahali. Nakujua, ukifika kwenye habari nzito unakohoa kidogo halafu unasema, "Hapa anasalimu tu." Leo soma yote.

Mama, magoti yanaendeleaje? Bado unapanda mwenyewe mpaka shamba la juu, au umekubali kumwachia kaka? Watu wa meli wanasema upepo uliangusha migomba mingi upande wa kwetu, wengine wanasema ni uongo. Niambie wewe. Mimi mwili ni mzima, ni uchovu tu. Koku anakimbia sasa, na kila mtu anamwamkia "mwangaluka" hata ikiwa jioni, kwa sababu Kisukuma kimemwingia kuliko Kihaya. Utanisamehe kwa hilo. Nitamfundisha nikipata nguvu ya kuongea lugha mbili kwa siku moja.

Uliniuliza kwa nini binti mwenye kwao akalale kwenye nyumba ya watu wasio na kwao. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze nyumba yenyewe, maana nadhani aliyekuletea habari aliiona akiwa njiani tu.

Ni ghala la zamani la pamba. Watu wa ushirika walilihama, wakamruhusu Mama Kabula alitumie mpaka watakapolihitaji. Mama Kabula ni mjane wa Kisukuma kutoka Magu, mnene, sauti kubwa, zamani alikuwa anauza uji bandarini. Baba yake Koku alipoondoka kwenda kutafuta kazi asirudi, na mwenye nyumba akatutolea godoro nje, mimi na mtoto tulilala kwenye kibanda cha kivuko cha Kamanga. Hapo ndipo Mama Kabula aliponikuta. Hakuniuliza kabila wala dini. Alisema, "Wewe, mtoto amekula?" Nikamwambia bado. Akasema, "Sasa unakaa nini? Nyanyuka." Tangu siku hiyo mimi ndiye mpishi pale. Wengine ni wazee waliobeba mizigo bandarini mpaka migongo ikakataa, wanawake waliofukuzwa na ukoo, watu waliohamishiwa kijijini wakashindwa maisha, wakarudi walikotoka wakakuta hata paa hakuna. Yupo Mzee Malimi, aliyebeba marobota ya pamba ujana wake wote na leo hawezi kuinua ndoo. Huyo ndiye mchekeshaji wetu.

Nyumba hii haina fungu popote, Mama. Inaishi kwa kuomba, na kuomba ni kazi kama kazi nyingine, inamaliza viatu. Wanawake wa parokia walikuwa wanatuachia kibaba cha unga kila baada ya misa. Siku za Ijumaa watu wa msikitini walituletea sufuria ya wali. Bhai Jivan, Mhindi mwenye mashine ya kusaga, alitusagia bure na kutugawia unga unaobaki mashineni. Tulikuwa tunaenda hivyo, siku mbaya na siku nzuri. Halafu vitu vikaadimika, na wewe unajua, hata huko vimeadimika. Wale wanawake wa parokia sasa wanapanga foleni ya unga wa njano alfajiri, wengine wanarudi na mifuko mitupu. Sufuria ya Ijumaa ilipungua, kisha ikakoma. Mkanda wa mashine ya Bhai umekatika na mwingine haupatikani. Nilipokwenda kwake mara ya mwisho alinishika mkono akanipeleka ndani. "Dada, tazama mwenyewe usiseme nimekunyima. Mimi hapa nalinda chuma tu." Akampa Koku kipande cha sukari guru, na yeye chai yake ilikuwa haina sukari.

Ukisema twende kwenye mgao wa serikali, mgao unapita kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu anasema ghala si nyumba, kwa hiyo halimo kwenye kumi zake. Mama Kabula akaenda kwa Katibu wa Kata, mimi nikiwa nyuma yake nimembeba mtoto.

"Mama Kabula," Katibu akasema, "nchi hii hakuna mtu asiye na kwao. Kila mtu ana kijiji. Nikiandika kwamba kata yangu ina watu wasio na kwao, wakubwa wataniuliza nimewatoa wapi."

"Basi njoo uwaulize wenyewe, Ndugu Katibu. Labda wamesahau."

"Halafu hamna mradi. Kikundi bila mradi ni watu waliokaa tu."

"Wamekaa kwa sababu hawawezi kusimama, Ndugu Katibu."

Alicheka mpaka akapangusa macho, lakini hakuandika kitu. Si mtu mbaya. Kola ya shati lake imegeuzwa ikashonwa upya, na mkewe tunakutana naye kwenye foleni.

Ndipo ikaja habari ya wageni. Padre wetu alikuwa ameandika barua ng'ambo, kwa watu wa kanisa wanaosaidia maskini. Wakajibu kwamba watatuma watu wawili kuja kuona. Nyumba mbili zingetazamwa, yetu na nyingine iliyoko Magu, na moja kati ya hizo ingepewa mabati, mablanketi na chakula cha mwaka mzima. Padre alikuja kutuambia, akasema vizuri kabisa, "Wanakuja kuona hali yenu." Sisi, Mama, tulichosikia ni kwamba wageni wanakuja.

Wewe ndiye uliyenilea. Mgeni akifika kwako na ndani hamna kitu, unafanya nini? Unapita mlango wa nyuma kwenda kwa jirani. Na sisi tukapita mlango wa nyuma. Jirani yetu Mama Rehema akatuazima shuka zake nyeupe, zile za kutandika siku za sherehe. Akina mama wa parokia wakatuazima sahani na mashati ya waume zao. Mama Kabula akavuka Kamanga kuwaomba wavuvi anaowafahamu, akarudi na sato wakubwa. Mimi nikaenda gatini meli ya Bukoba ilipotia nanga, nikambembeleza mama mmoja wa kwetu mpaka akanipa mikungu miwili ya ndizi. Nikazipika kama ulivyonifundisha, nikazifunika kwa majani. Tulifagia mpaka nje barabarani. Zile ndoo tunazokingia maji yanayovuja tukazificha. Mama Kabula alisema, "Mgeni asije akajikwaa kwenye ndoo." Siku hiyo nilikuwa na furaha, Mama. Sikuwa nimepika sufuria iliyojaa tangu nije mjini.

Mzee Malimi alivalishwa shati la kijani, akasimama mikono kaitanua kama kuku anayekaushwa. "Msiniguse," akasema, "kuanzia shingoni kwenda chini mimi ni wa kuazima."

"Na kichwa je?" Mama Kabula akamuuliza.

"Kichwa ni changu. Ndiyo maana hakina nywele."

Tukacheka. Kisha tukafanya jambo ambalo hata sasa mkono wangu unakuwa mzito kuliandika. Wenye vidonda na wenye kikohozi tuliwapeleka nyuma kwa Mama Rehema washinde huko, kwa sababu wageni watakulaje huku watu wanakohoa? Hakuna aliyebisha, hata wao wenyewe. Walijua adabu ya mgeni kama sisi. Mimi nilimshika mkono Bibi Nyamizi, yule kikongwe aliyekuwa analala karibu na jiko na kumwimbia Koku. Aliniuliza, "Nitaitwa kula?" Nikamwambia, "Nitakuletea mwenyewe, Bibi."

Wageni walikuwa mwanamume na mwanamke, Wazungu, wapole, viatu vyao vimejaa vumbi. Waliona shuka nyeupe. Walikula samaki, wakala ndizi, tukawaongezea, wakakataa, tukawaongezea tena. Yule mama Mzungu akamgeukia Mzee Malimi, akamuuliza kwa mdomo wa Padre, "Mnapungukiwa na nini hapa?" Mzee Malimi akasimama, akavua kofia. "Waambie tunashukuru sana. Hatujambo, hatuna neno. Na kama hawajashiba wasione haya, chakula kipo." Sote tukapiga makofi. Padre akatutazama, kisha akayatafsiri kama yalivyo. Simlaumu. Naye ni mtu wa huku huku, angemkatizaje mzee mbele ya wageni?

Mvua ilianza wakati tunawasindikiza. Tulikwenda nao mpaka kwenye gari, tukaimba, gari likaondoka, tukaendelea kuimba. Kule nyuma, wale wengine walikuwa wamejibanza chini ya upenu wa Mama Rehema wanangoja kuitwa. Mwenyewe Mama Rehema alikuwa na sisi barabarani anapiga vigelegele, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hawakuja, kwa sababu tuliwaambia wasije mpaka tuwaite. Nilipokumbuka, Bibi Nyamizi alikuwa ameloa mpaka kwenye mifupa. Nilimpa samaki wake, akamshika tu mkononi. Kifua kikambana. Hospitali walimpima wakasema dawa yake haipo, tujaribu tena. Tulijaribu tena. Alikufa akiwa amelala palepale pake karibu na jiko. Nilipokwenda kumrudishia Mama Rehema shuka zake, alichukua moja akanirudishia. "Mzikeni nayo," akasema, na akafunga mlango kabla sijamjibu.

Bado tulikuwa tunangoja jibu la wageni, na nakiri tulikuwa na matumaini makubwa. Mama Kabula alikwisha panga mabati yataanzia upande gani. Padre alipokuja na barua hakukaa, alisimama mlangoni akatusomea. Wageni wanashukuru kwa mapokezi. Wamefurahi kuona nyumba safi, chakula cha kutosha, watu wachache wenye afya na uchangamfu. Kwa hiyo msaada wameupeleka Magu, penye uhitaji mkubwa zaidi.

Mama Kabula akasema, "Padre, si ulituambia wageni wanakuja?"

"Niliwaambia wanakuja kuona."

"Basi si tuliwaonyesha?"

Padre akaikunja barua. Mzee Malimi alikuwa ameinamisha kichwa, na siku hiyo hakuwa na utani. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyesema hatuna neno." Mama Kabula akamwambia, "Nyamaza, Malimi. Ungesema nini, unawalilia watu wakiwa na tonge mdomoni?" Padre aliwaandikia tena akawaeleza yote, nao wakajibu kwa heshima kwamba wamesikitika sana, lakini fungu la mwaka huu limekwisha gawanywa. Wale wa Magu, nasikia, wageni waliwatokea ghafla siku tofauti na waliyoambiwa, wakawakuta wanagawana michembe, vile viazi vikavu, kila mtu kipande. Siwaonei kijicho. Nao ni watu, nao wana njaa.

Tangu hapo Mama Kabula hapazi sauti. Huwezi kujua inavyotisha, mtu mwenye sauti ile akinong'ona. Anatoka asubuhi na kikapu, anarudi na kikapu. Napika uji mwepesi kiasi kwamba Koku anaona uso wake ndani ya bakuli na kujichekea. Usiku wa mvua ndoo zetu zimerudi mahali pake. Watu wengine wameondoka wenyewe wakalale sokoni, wanasema afadhali kule kuna mabaki.

Juzi Katibu wa Kata alikuja. Yeye alikaa, akanywa maji. Alisema amri imetoka kwa wakubwa zake: kila mtu mjini lazima ajulikane anafanya kazi gani, na ghala linatakiwa. Lakini akatutafutia njia moja. Tukilima, tukawa na shamba linaloonekana kwa macho mvua za kupandia zitakapokolea, ataweza kutuandika kikundi cha uzalishaji, na kikundi cha uzalishaji kinapewa mgao na hakiondolewi. Tusipolima, litakuja lori, kila mtu apelekwe kijijini kwake. Shamba ametuonyesha kwa kidole, kule juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi wanachagua pa kukanyaga.

Mzee Malimi akamuuliza, "Mwanangu, hilo lori litanishusha wapi?"

"Kwenu, Mzee."

"Dereva atapajua?"

Katibu akatazama viatu vyake. Kisha akaaga.

Nimepanda huko kuangalia. Udongo upo, kati ya jiwe na jiwe, mweusi, lakini mchache. Wenye nguvu ya kulima ni mimi na Mama Kabula, na wawili watatu wengine siku wakiamka vizuri. Majembe hakuna. Madukani hakuna, na yakija yanagawiwa kwa vijiji. Tuna panga moja. Jana tulianza kung'oa majani kwa mikono, Mzee Malimi amekaa juu ya jiwe anatuelekeza, mpaka akaanza kulia, tukajifanya hatumwoni.

Sasa nakujibu swali lako, Mama. Kama ingekuwa ni mimi na Koku tu ningekuwa nimekwisha panda meli. Najua mlango wako haujafungwa. Lakini ni mimi niliyemshika Bibi Nyamizi mkono nikamtoa nje kwa ajili ya wageni, na sitawatoka hawa waliobaki ili nije kula mezani kwako. Usidhani nina matumaini. Sitaki wifi akusomee kwa sauti ya kukutuliza. Mimi nadhani lori litakuja. Hata hivyo likija litanikuta shambani. Kwa hiyo usimtume kaka kunifuata, na ukimtuma atarudi peke yake, nami nitakuwa nimekukosea adabu mara mbili. Sisemi hivi kwa ukali. Nakuandikia huku machozi yanalowesha karatasi, lakini neno langu ni hilo.

Nisalimie kaka Deusdedit, mwambie asinikasirikie. Nisalimie baba mdogo fundi seremala, na bibi mzaa baba kama bado anasikia ukimsemea sikioni. Katekista mwambie Bibi Nyamizi alikuwa hajabatizwa, lakini amwombee. Wewe wifi Projesta, asante kwa macho yako na kwa kutoruka. Koku anakusalimu Mama kwa neno lake lile lile, mwangaluka, nami nakushika magoti yako yote mawili, linalouma na lisilouma.

Ni mimi mwanao,
Editha

Vitu ninavyohitaji ni hivi, na uvitume kwa yule mpwa wa katekista anayefanya kazi melini, si kwa mtu mwingine. Maharage ya mbegu, yale madogo yasiyochagua udongo, na mengine ya kula kama yapo. Mahindi ya mbegu, hata kopo moja. Magunia ya kahawa yaliyotoboka, ya kulalia, usiyashone, nitashona mwenyewe, ila tia sindano kubwa na uzi wa katani. Ile dawa ya kifua uliyokuwa unatupikia tukiwa wadogo, majani yakiwa yamekaushwa, na wifi aandike yanachemshwa kwa muda gani. Chumvi. Sabuni kama imefika dukani kwenu, isipofika basi. Kanga moja kuukuu ya kumbebea Koku mgongoni nikiwa nalima. Majembe yoyote yaliyolika ambayo kaka na baba mdogo hawayatumii tena, bila mipini, mipini tutachonga huku. Na jembe langu, Mama, lile dogo la mpini wa mzambarau, ambalo najua umeliweka darini na unamkatalia kila anayeliazima kwa sababu unangoja nirudi. Lishushe. Hilo ulitume kwanza.